Bastola ya Marehemu na Miwani Yake

Jumatatu, 3 Machi

Barua imekuja. Mhuri mkubwa kama sahani. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, ameisoma kwa sauti akiwa amesimama mlangoni, viatu vya kazi bado mguuni, kwa ile sauti yake ya unesi ya kumsomea mgonjwa majibu mabaya. Bastola ya marehemu mume wangu, iliyo kwenye ghala la polisi tangu tumzike, haiwezi kukaa pale milele. Ama mrithi apate leseni yake mwenyewe kabla Ijumaa tarehe kumi na nne haijaisha, ama iyeyushwe.

Iyeyushwe! Kama mafuta ya kupikia!

Marehemu alikuwa mpima ardhi. Miaka thelathini ametembea porini na darubini yake ya miguu mitatu, na akaruhusiwa bastola kwa ajili ya wanyama. Hakumpiga hata mmoja. Fisi mmoja alimlenga akamkosa, na fisi mwenyewe, alivyonihadithia, aliondoka taratibu, kwa dharau. Lakini kila Ijumaa, baada ya chai ya alasiri, aliitoa bastola, akaifungua, akaisafisha juu ya meza yangu ya kukatia nguo. Mimi nilimkatia vitambaa vya kupitisha kwenye mtutu. Pamba safi, mraba, upana wa vidole viwili. Ijumaa ishirini na sita zimepita tangu aondoke na mkono wangu bado unakata. Droo imejaa. Leo nimeifungua nikaitazama. Vyeupe, vimelala kimya, vinasubiri kuitwa.

Nimeamua. Leseni nitaipata mimi. Mkwe akasema, "Mama, wewe hata uzi unatungiwa." Uongo! Natungiwa kwa heshima.

Nayaandika haya kwenye daftari langu la vipimo kwa sababu hakuna mteja anayethubutu kulifungua. Watu wanaogopa kukutana na viuno vyao.

Jumanne, 4 Machi

Masharti ni manne. Afisa wa silaha amenisomea dirishani kwake: cheti cha macho, cheti cha kiwanja cha shabaha, kasha la chuma lililokazwa ukutani, na barua ya jirani. Afisa ni mnene, mpole, shati limembana kifua mpaka vifungo vinalia. Fundi aliyemshonea ndiye wa kukamatwa kwanza.

Cheti cha macho. Hapo nimefikiri sana, mpaka chai ikapoa. Kisha nikakumbuka: nesi wa chumba cha macho anataka sare mpya! Nikamfuata kazini kwake kumpima. Alishangaa, kwa kawaida wateja ndio wanaonifuata. Nikamwambia huo ndio utaratibu mpya. Nikamzungusha mara nne. Kila akigeuka mgongo, mimi nausogelea ubao wa herufi ukutani, pua karibu iguse, nanakili. Kwa hiyo ukurasa wake unasomeka hivi: E. Kiuno thelathini na nne. K, B. Bega kumi na tano. T, O, R. Mpaka zile za chini kabisa, ndogo kama sisimizi, nimezipata zote.

Alasiri nimezikariri huku cherehani inakwenda. Cherehani inasaidia. Herufi zikawa wimbo, wimbo ukawa njia ndefu ya mchanga, na mbele kabisa nikamwona marehemu anatembea na ile miguu mitatu begani, bila haraka, bila kugeuka. Nilipozinduka nilikuwa nimeshona mfuko wa suruali ya mtu ukafungwa mdomo. Nitaufumua kesho.

Jumatano, 5 Machi

Aibu yangu na Mungu wangu.

Daktari wa macho ni mtu wa kujivuta. Akanikalisha, akaonyesha ukutani, akaanza kusema jambo. Sikumngoja. Nikaanza juu nikashuka, mstari kwa mstari, sauti ya kutosha, nikamalizia na jina la kiwanda kilichouchapa ubao. Nesi wa kiuno thelathini na nne alikuwa anatazama sakafu.

Daktari akasema amenisikia vizuri, ila kitambaa cha kufunikia ubao alikuwa hajakiondoa.

Kumbe kile cheupe kilikuwa kitambaa! Mimi nilidhani ndivyo ubao unavyoonekana ukikaa mbali.

Hakucheka. Hilo ndilo limeniudhi zaidi. Akanipima upya, akaandika kwenye cheti: aruhusiwe kulenga shabaha iwapo tu amevaa miwani. Miwani yenyewe kaniagizia, tayari Ijumaa.

Miwani! Mimi! Nusu ya maharusi wa mji huu wameingia ukumbini na magauni niliyoyashona kwa macho haya haya!

Nimerudi nyumbani nimenuna. Nikakisoma cheti tena. "Amevaa miwani." Hakisemi ya nani. Na miwani ya marehemu ipo, ndani ya kikasha chake, juu ya kabati. Nikaivaa. Lo! Chumba kikazama majini. Mlango ukasogea, ukarudi. Nyuzi zangu ukutani zikayeyuka zikawa vijito vya rangi. Nikakaa humo muda mrefu, sina hamu ya kutoka. Hivi ndivyo alivyokuwa anauona uso wangu miaka yote? Basi ndiyo maana hakuwahi kuulalamikia.

Alhamisi, 6 Machi

Barua ya jirani. Na jirani nikiwa na mmoja tu, awe nani? Yeye! Mwalimu mstaafu. Mimi namwita Mwalimu Koti. Koti nilimshonea mwenyewe, miaka miwili sasa, la kijivu, zuri, na mpaka leo anawaambia watu mkono wa kushoto ni mfupi kwa sababu fundi haoni. Si mfupi. Mwili wake umekaa upande.

Na ndiye huyo huyo anayezunguka na karatasi ya sahihi, raia wasiruhusiwe bastola kabisa. Nikamwendea hivyo hivyo. Nikavaa uso wa upole, ambao siutumii mara nyingi, ukanibana.

Akaniuliza bastola naitakia nini. Nikasema ulinzi. Akauliza dhidi ya nani. Nikasema wezi. Akasema, "Bibi Fundi, mwizi wa mwisho kuingia kwako ulimpiga na ubao wa pasi mpaka akaomba mwenyewe polisi waitwe." Kweli. Lakini ubao ule ulipasuka, na hilo hasemi.

Habari ya vitambaa sikumwambia. Ya nini? Atavigeuza hotuba.

Mwisho akasema hawezi kuandika juu ya kitu asichokijua, si kwa kukiunga mkono wala kwa kukipinga. Siku ya mtihani wangu atakuja kiwanjani ajionee. Nikamwambia aje, na avae koti. Akasema atalivaa, ila mkono mmoja utapata baridi.

Mtu mzima hovyo!

Ijumaa, 7 Machi

Somo la kwanza. Kiwanja kiko nyuma ya machimbo ya mawe yaliyoachwa. Mwisho wake ni ukingo wa udongo, mrefu kuliko nyumba, ili risasi zikafie humo. Mkufunzi ni mwanamke, alikuwa jeshini, kila mtu anamwita Sajini. Nilitegemea mtu wa kufoka. Kufoka nakujua, ningemmudu. Huyu ana sauti ndogo. Analisema jambo mara moja, halafu anangoja liingie.

Saa nzima risasi hatukuiona. Kanuni nne tu, tukizirudia kama watoto. Kila bastola ihesabu ina risasi, hata ukiapa haina. Usiuelekeze mtutu kwa kitu usichotaka kukiharibu. Kidole nje ya triga mpaka uwe umeamua. Ujue shabaha yako ni ipi, na nini kiko nyuma yake, na nini kiko kando yake. Nikamwambia Sajini hizo ni kanuni za mkasi, hakuna jipya. Akasema basi nitafaulu, kama mkasi nauheshimu.

Miwani mpya inanisubiri dukani. Isubiri. Nimevaa ya marehemu.

Kisha tukalenga, bastola tupu. Karatasi zilikuwa zimetundikwa mbele kwa safu, zikaanza kuelea, zinapumua na upepo kama nguo kambani. Nikashusha pumzi kama ninavyofanya nikitunga uzi. Pale katikati, pumzi imekwisha na nyingine haijaja, pana mahali patulivu sana. Sijui kama watu wanapajua. Mkono hautetemeki. Hakuna mtu anayekuuliza kitu. Yakanijia mafuta ya bastola, ile harufu ya meza yangu saa kumi za Ijumaa, nikasikia kabisa kikombe kikitua kwenye kisosi. Nikageuka nimwambie marehemu asimwage chai kwenye kitambaa cha watu.

Sajini alinidaka kiwiko akaurudisha mtutu mbele. Akaitaja kanuni ya pili. Mara moja. Akangoja.

Jumamosi, 8 Machi

Jumamosi ndiyo siku marehemu alikuwa anawasha pikipiki yake, iungurume kidogo isilale. Leo banda kimya. Nikaamua nifanye mazoezi.

Sajini alisema nyumbani tuzoee pumzi, na mkono mtupu. Mkono mtupu unalenga nini? Nikachukua kopo la mafuta ya cherehani, lile lenye mdomo mrefu. Nikasimama sebuleni. Nikalenga kitasa. Nikalenga taa. Nikalenga picha ya harusi ya mkwe. Pumzi nje, kidole nje. Safi sana.

Mke mwenzangu alikuwa nyuma ya pazia anatazama. Huyu ni mjukuu wangu, ana miaka mitano. Marehemu alimwita mke wake mdogo, kwa hiyo mimi na yeye ni wake wenza na tunagombana ipasavyo. Nilipoingia jikoni kutazama maharage, akalitwaa kopo. Mkwe ndiyo anaingia kutoka zamu. Mtoto akamlenga mama yake kifuani, miguu ameitanua, pumzi nje, kidole nje, kama alivyoona. Kisha akakitia kidole ndani. Mafuta yakaruka, yakachora mstari kwenye sare nyeupe.

Mtoto akacheka. Mimi nilikaribia kucheka. Mkwe hakucheka wala hakufoka. Aliketi pale pale sakafuni. Akaniambia mwezi uliopita waliletewa wodini mtoto wa umri huu huu. Bastola ilikuwa ya baba, ya halali, na leseni yake, chini ya mto. Hakuniambia kilichofuata na sikuuliza. Akasema, "Mama, nakupenda. Lakini siku hicho kitu kikiingia humu, mimi na mwanangu tunatoka."

Nikamwambia kutakuwa na kasha la chuma. Akauliza ufunguo nitauweka wapi. Nikasema kwenye kopo la vifungo. Mke mwenza akasema kopo la vifungo yeye anajua lilipo.

Nikampigia simu mwanangu, aliye mbali kikazi. Anasema anatusikia wote. Mume wa namna gani huyo?

Waende! Nani amewashika? (Sare nimeifua mwenyewe, mara tatu. Doa halijatoka lote.)

Jumapili, 9 Machi

Mkutano wa Mwalimu, ukumbi wa shule, baada ya chakula cha mchana. Nilikwenda kuuharibu.

Muuza vipuri wa pale kona akasimama. Alivamiwa dukani mchana kweupe. Akasema wenye nia mbaya hawaombi leseni. Kwa nini yeye anayefuata sheria abaki na mikono mitupu, akisubiri gari la polisi lipate mafuta? Makofi! Nami nikapiga. Akasimama mkwe wangu. Akasema wodini kwake waliopigwa risasi na mtu wanayemjua ni wengi kuliko waliopigwa na mgeni. Makofi. Nikajikuta napiga nami, nikaikalia mikono. Mwalimu akasema hamtuhumu mtu mwaminifu. Anachosema, mtu mwaminifu naye ana siku yake mbaya, na siku hiyo heri mkononi awe na kijiko.

Nikasimama mimi. Hoja nilikuwa nazo tatu, nimezipika tangu asubuhi. Lakini jua lilikuwa linaingia kwenye madirisha ya juu, limejaa vumbi kama vumbi la chaki yangu, na nilikuwa nimevaa ile miwani. Watu wote walikuwa wamelainika pembeni. Hawana makunyanzi, hawana chuki. Walifanana na watu wa zamani, wale tuliokwisha kuwazika, wamekuja kukaa kidogo. Nikawatazama. Nadhani niliwatazama muda mrefu. Hoja zikanitoka moja moja kwa mlango wa nyuma.

Nikasema koti la Mwalimu halina kasoro, nikakaa.

Muuza vipuri peke yake alinipigia makofi.

Jumatano, 12 Machi

Mtihani. Sitaki kuandika. Naandika.

Juzi na jana nilipiga risasi za kujifunza, niko peke yangu, karatasi moja tu kiwanjani, na Sajini akasema nina mkono wa ajabu. Kwa hiyo leo nilikwenda kifua mbele. Risasi kumi, hatua kumi na tano, saba ziingie ndani ya duara. Karatasi yangu namba tano.

Mwalimu akaja. Koti hilo, mkono hivyo. Sajini akamwambia kiwanjani kwake hakuna mtazamaji: anayesimama mstarini anajifunza, asiyetaka akae nje ya uzio. Na Mwalimu akajifunza! Saa nzima, kanuni zote nne, anaziandika kwenye kijitabu. Akawekwa namba nne, kushotoni kwangu, na risasi kumi zake.

Tukavaa viziba masikio. Dunia ikazimwa. Nikainua. Karatasi zikaanza mchezo wao, zikasogeleana, zikanong'onezana, zikaachana. Moja ikatulia mbele yangu, nyeupe, kubwa, kama shuka lililotandikwa. Nikasema ndiyo hii. Pumzi nje. Mahali patulivu. Piga. Pumzi nje. Piga. Kishindo sikukisikia. Nilisikia mkasi ukipita kwenye kitambaa kizito, mara kumi, na kila mara marehemu alichukua kimoja kutoka kwenye droo, akakiangalia kwenye mwanga, akaridhika.

Nikaiweka bastola mezani, mtutu mbele, kidole nje. Nikatabasamu kulia na kushoto.

Sajini akazileta karatasi. Namba tano haikuwa na tundu hata moja. Ungeweza kuiandikia barua. Namba nne ilikuwa na matundu kumi, tisa ndani ya duara, yamesongamana kama vifungo vya shati la mtoto mchanga.

Nikamgeukia Mwalimu. Mnafiki! Mtu wa kijiko, kumbe!

Mwalimu akasema kwamba yeye hajapiga hata moja. Alipoambiwa aanze kidole kilimkatalia. Akaiweka bastola chini, akarudi nyuma hatua mbili. Risasi zake zilikuwa pale mezani. Tumezihesabu. Kumi.

Upepo ukaichezea karatasi. Sajini akaniuliza miwani hii niliandikiwa lini. Nikasema imo katika familia. Akasema kwa mkono hajaona bibi kama mimi, na kwamba cheti hanipi. Kanuni ya nne. Akasema, "Leo ilikuwa karatasi ya Mwalimu." Akangoja.

Nikasema ni upepo.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeshinda kitandani kwa hasira. Ni hasira, si huzuni. Ijulikane.

Nimefikiri. Ningeilenga ya Mwalimu kwa makusudi, zingeingia yangu. Rahisi! Nikamwomba mkwe ampigie Sajini simu amweleze. Sajini akasema hapana. Mkwe anasema alisema hapana kwa upole, lakini mara mbili. Sajini, mara mbili!

Mkwe amepita dukani akaniletea ile miwani mpya. Ameiweka kando ya kitanda. Nami nikageukia ukutani.

Alasiri akaja Mwalimu, na barua ya jirani mkononi. Ameiandika kweli, kwa mwandiko wa ubaoni. Nusu ya juu inasema mimi ni mwaminifu, mchapakazi, mkono thabiti. Nusu ya chini inasema nisipewe bastola kwa hali yoyote. Nikamwambia barua hii ni kama koti, upande mmoja haufiki. Akafurahi! Akasema hatimaye nimekiri. Sikukiri chochote.

Kisha akaniuliza tena, taratibu, naitakia nini. Nikachoka. Nikaivuta droo nikaimwaga yote mezani. Nikamwambia kwa ukali: hivi! Ni vya hivi! Nifanye navyo nini, nipangusie madirisha? Ijumaa inakuja, mkono unakata, hakuna wa kumpa!

Mwalimu hakuvigeuza hotuba. Akachukua kitambaa kimoja akafutia miwani yake. Akasema ni pamba nzuri. Akasema kesho si bado ni Ijumaa? Nisiombe bastola. Niombe alasiri moja nayo.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda na droo nzima kifuani, nimeifunika shuka kama mtoto mgonjwa. Mkwe kanisindikiza. Mke mwenza tumemwacha kwa Mwalimu, anafundishwa kuhesabu kwa vijiko.

Nikatia sahihi ya kuisalimisha. Halafu nikamwambia afisa nina ombi, na akikataa namshonea ukosi shingoni. Nikamweleza. Akatazama saa ya ukutani. Saa kumi kasorobo. Akaenda ghalani.

Akarudi nayo mikononi kama mtu aliyebeba kifaranga. Akatoa magazini, kile kikasha cha risasi, akanionyesha chemba tupu. Nikaikagua tena mwenyewe, kidole nje, mtutu ukutani, na mkwe pembeni akaniona nikikagua. Kitambaa cha kwanza kikatoka kijivu. Cha pili kijivu. Mafuta yakanukia, na kile kituo chote, makaratasi, benchi, mtu anayelalamikia mbuzi wake, kikasogea mbali sana. Hapakuwa na kikombe wala kisosi. Lakini kiti kilichokuwa mkono wangu wa kulia hakikuwa kitupu, na sitaki mtu aniulize zaidi. Cha saba, cha nane. Vikaanza kutoka vyeupe. Cha mwisho kikatoka kama kilivyoingia.

Nikasema basi. Nikaisukuma kwa afisa.

Akaitazama, akapiga mluzi. Akasema silaha zao wenyewe mle ghalani hazijawahi kuwa hivi. Nikauliza wanasafishia nini. Akasema soksi za zamani.

Soksi! Nimefoka mpaka mtu wa mbuzi akasimama. Nikamwachia droo yote. Kuanzia sasa nitakata kila Ijumaa na kuleta saa kumi, na nitakagua, na ole wake nikute soksi. Akasema ndiyo, Bibi. Nikamwambia na lile shati linalombana aniletee.

Kwenye ngazi mkwe akanishika mkono. Akasema, "Ngazi tatu, Mama." Mimi niliziona mbili, pana, zinaelea. Nikamwachia anishike. Siku moja haidhuru.

Jumamosi, 15 Machi

Asubuhi nzuri. Kila mtu anafurahi, inachosha. Mkwe anapika huku anaimba. Anasema nimejifunza jambo kubwa wiki hii. Nikamwambia ndiyo.

Kwa ajili ya amani nikaivaa miwani mpya. Lahaula! Chumba kizima kikanirukia usoni. Buibui kwenye pembe. Kutu kwenye cherehani. Mikono yangu, hii ni mikono ya nani? Nikachungulia dirishani, Mwalimu anapita na koti lake. Mkono wa kushoto ni mfupi! Vidole vitatu kamili!

Kwa hiyo ni mbovu. Miwani inayofupisha mikono ya makoti ya watu haiwezi kuwa nzima. Nimeirudisha kwenye kikasha chake, na kikasha chini ya vitambaa vya mapazia, asikokwenda mtu.

Nikavaa ya marehemu. Ahh. Ukungu wangu. Kila kitu kikarudi mahali pake na kuanza kuelea.

Hapo mkwe akaniuliza, kwa kuwa bastola imekwisha, je, na ile pikipiki ya Baba iliyo bandani, si tuitoe tu? Iyeyushwe nayo, siyo? Jumamosi ya leo, saa tatu asubuhi, saa yake yenyewe ya kuungurumishwa!

Nimeingia bandani. Nimeikalia. Inanukia yeye. Barabara niliiona kupitia mlangoni, laini, pana, inateremka kama hariri kutoka kwenye jora. Kuendesha si kulenga. Hakuna namba nne wala namba tano, ni mbele tu.

Nimeuliza taratibu za leseni ya udereva. Wanapima macho. Hospitali ile ile, ubao ule ule. Herufi ninazo bado, ukurasa wa kiuno cha nesi.

Safari hii nitangoja kwanza waondoe kitambaa.